Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Manispaa Ndogo: Uzinduzi Tumeuona, Sasa Tunataka Mwaka wa Tatu

Kwenu Mstahiki Meya, waheshimiwa madiwani, Mkurugenzi, na wakuu wa idara za usafi na fedha,

Nawaandikia nyinyi mnaoongoza manispaa ndogo: zile zenye gari moja au mawili ya taka, ofisa mazingira mmoja ambaye pia kabebeshwa masoko na makaburi, na dampo ambalo kila baraza jipya hulirithi na kuahidi kulihamisha. Miji mikubwa ina wahandisi na wafadhili wa kuipigania. Nyinyi mna bajeti finyu na wananchi wanaowafahamu kwa majina. Kwa hiyo sitawashauri mjenge mtambo wowote. Nina neno moja tu. Mpango wa taka za majumbani haufi siku ya kwanza. Hufa mwaka wa pili au wa tatu, na kinachouua kwa kawaida kilikuwa kinaonekana wazi tangu siku ya uzinduzi, ila hakuna aliyetaka kuharibu sherehe.

Uzinduzi tunaujua. Mgeni rasmi, utepe, fulana, mapipa ya rangi mbili, gari limeoshwa hadi linang'aa. Miezi ya mwanzo mambo yanakwenda. Kisha tairi linapasuka na inagundulika hakuna kasma, yaani fungu la bajeti, ya matairi, maana gari lilikuja kama msaada na msaada haukuja na vipuri. Gari linalala. Likiamka, linapita siku yoyote saa yoyote, na watu waliokwisha kutoa taka nje wanakuta mbwa wamezitawanya. Mapipa yale mazuri yanaingizwa ndani kuhifadhia maji (na kwa kweli hapo angalau yana kazi). Mwisho wa yote gari liko juu ya mawe nyuma ya ofisi zenu, na baraza linalofuata linaandaa uzinduzi wake. Watu mitaani wana jina la mipango ya namna hii: moto wa mabua.

Kiini cha tatizo ni kwamba taka si mradi, ni gharama ya kila siku. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 kuhusu taka ngumu inaonyesha kwamba katika nchi za kipato cha chini shughuli hii humeza karibu asilimia 20 ya bajeti ya manispaa kwa wastani, na bado taka zinazokusanywa mijini hazifiki nusu. Fungu kubwa huishia kwenye kuzoa na kusafirisha: dizeli, matairi, mishahara, matengenezo. Hayo hayapigwi picha. Hakuna aliyewahi kukata utepe wa kichujio cha mafuta. Basi ombi langu la kwanza ni dogo na litawakera baadhi yenu: kabla ya kupokea gari, kontena au pipa lolote, hata la bure, kamati ya fedha iandike kwenye karatasi litakula kiasi gani kwa mwaka na fedha hizo zitatoka wapi mfadhili akishaondoka. Jibu lisipopatikana, shukuruni kwa heshima na mlikatae. Kitu cha bure kinachohitaji dizeli kila asubuhi si cha bure.

Tupige hesabu kidogo. Chukueni mji wa watu 40,000. Kwa mujibu wa ripoti hiyo wastani wa dunia ni kilo 0.74 za taka kwa mtu kwa siku, lakini mji mdogo wa kipato cha chini huwa chini ya hapo, kwa hiyo tuseme nusu kilo. Hizo ni tani 20 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Gari la tani 5 linapaswa kwenda dampo mara nne kwa siku bila kukosa. Sasa, katika nchi za kipato hicho zaidi ya nusu ya taka kwa uzito, asilimia 56, ni chakula na majani: vitu vinavyooza. Vikigeuzwa mboji nyumbani au mtaani, tani 11 hazipandi garini kabisa, na safari nne zinakuwa mbili. Najua si kila kaya itakubali. Basi hata nusu yao wakikubali, safari moja kwa siku imefutika, na safari moja kwa siku ikizidishwa kwa mwaka ndiyo matairi yenu na ndiyo mshahara wa watu kadhaa.

Na kwa kuwa tumetaja magari: yale ya kushindilia, yenye mdomo wa chuma nyuma, yalibuniwa kwa ajili ya taka nyepesi zenye maboksi na vifungashio vingi. Taka zilizojaa maganda mabichi tayari ni nzito na zimeshikana. Ukizishindilia zinatoa maji tu, yanatiririka barabara nzima na kula chuma na mipira ya haidroliki. Fundi wa kulitengeneza yuko mbali, kipuri kiko mbali zaidi. Trekta lenye tela halina hadhi hiyo, lakini fundi yeyote wa mjini kwenu analijua, na tela moja likiwa linajazwa trekta linaweza kuvuta jingine. Nafahamu trekta halipendezi kwenye picha.

Sasa niwaombe tukae kidogo kwenye hizo taka zinazooza, maana hapo ndipo manispaa ndogo inaposhinda au kushindwa. Kampeni nyingi huwaambia watu "tengenezeni mboji", zinagawa ndoo, zinaondoka. Baada ya mwezi ndoo imetupwa. Ifungueni moja muone: juu ukungu mweupe, katikati uji wa kijivu, chini maji meusi na funza, na harufu inayomfanya mama mwenye nyumba aape kutorudia. Aliyekosea si yeye. Ameweka taka mbichi peke yake kwenye chombo kilichofunikwa kikabana. Hewa ikikosekana, vijidudu vinavyoihitaji hufa na nafasi yao huchukuliwa na vile visivyoihitaji, na hivyo ndivyo vyenye kunuka. Dawa ni vitu vikavu: kila kipimo kimoja cha taka mbichi kifuatwe na viwili au vitatu vya majani makavu, maranda ya mbao au kadibodi iliyochanwachanwa. Chombo kitobolewe ubavuni na chini. Unyevu uwe kama wa kitambaa kilichokamuliwa, ukifinya kiganjani upate tone moja au mawili, si zaidi. Kigeuzwe mara moja kwa wiki. Rundo la mita moja kila upande hupata joto lenyewe, na likikaa juu ya nyuzi 55 kwa siku kadhaa mbegu za magugu na vimelea vingi hufa. Ndoo ya jikoni haifiki joto hilo, lakini inaoza vizuri, taratibu, bila kunuka.

Tatizo ni kwamba kaya ya mjini haina majani makavu. Nani anayo? Nyinyi. Vibarua wenu wanafyeka kando za barabara, wanafagia majani chini ya miti, wanayarundika na kuyatia kiberiti. Moshi ule ndio mali kavu ambayo ingeokoa kila ndoo mliyogawa. Ikaushwe, itiwe kwenye viroba, ipelekwe mitaani, na wenye karakana za useremala waombwe maranda yao ambayo nao wanayachoma. Ongezeni mtu mmoja mwenye ujuzi wa kupita nyumba kwa nyumba miezi mitatu ya mwanzo, kufungua ndoo na kusema, "Hii imelowa, ongeza majani." Gharama ya mtu huyo ni ndogo kuliko ya mabango yote mtakayochapisha, na kazi yake ni kubwa kuliko yao.

Wapangaji wa chumba kimoja wasio na uani nao wana njia. Mji wa Alappuzha katika jimbo la Kerala, India, ulilazimika kuitafuta baada ya wakazi wa Sarvodayapuram, mahali lilipokuwa dampo lao, kusema basi na kuzuia magari. Mji ukabaki na taka mikononi. Kwa kukosa pa kuzitupa, wakaweka mitaani mapipa makubwa yenye kuta zinazopitisha hewa, taka zikipangwa kwa tabaka pamoja na majani makavu na samadi, na katika baadhi ya nyumba wakafunga mitambo midogo ya gesi ya kupikia. Mwaka 2017 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira likautaja mji huo miongoni mwa mifano ya kuigwa. Mapipa yale yalihitaji mtu wa kuyasimamia kila siku, anayelipwa. Pipa la mtaa lisilo na mwenyewe ni jalala lenye kuta.

Baada ya mboji, linalofuata ni uaminifu, na hapa nitasema kama mkazi. Mwananchi ametenganisha taka wiki nzima. Ameosha chupa, amekunja maboksi, amewagombeza watoto waliokosea pipa. Siku ya gari anasimama mlangoni na anaona mifuko yote miwili, uliotenganishwa na usiotenganishwa, ikirushwa kwenye tumbo moja la gari. Siku hiyo mmempoteza, na hamtampata tena kwa semina. Mtaa mzima utaambiwa kabla ya jioni. Kama gari ni moja, tengeni siku: Jumanne zinazooza peke yake, Ijumaa zilizobaki. Kama hata hilo hamliwezi kwa sasa, msiwaambie watu watenganishe. Subirini mpaka muweze. Kuomba kazi ambayo nyinyi wenyewe mtaivuruga ni kujichimbia shimo.

Na upande wa pili wa uaminifu ni huu: mfuko uliochanganywa usichukuliwe. Mzoaji aufungue, auangalie, na akikuta nepi ndani ya maganda auache palepale na kikaratasi cha kueleza kwa nini. Bila faini, bila polisi. Mfuko uliobaki mlangoni mbele ya majirani unafundisha kuliko sheria ndogo nzima. Lakini hili linawezekana tu kama gari hufika siku yake, kwa sababu mtu hawezi kuona haya kwa mfuko uliobaki mtaani ambako kila mfuko umebaki.

Mtasikia habari za Kamikatsu, mji mdogo wa Japani wenye watu wasiofika 2,000, uliojitangazia mwaka 2003 kwamba utafikia kutotupa taka kabisa na ambao sasa hutenganisha taka katika mafungu zaidi ya 40. Msikimbilie kuiga mafungu hayo. Kule wakazi hupeleka taka wenyewe kituoni, na mambo hayo yalichukua miaka. Cha kuiga ni mpangilio wao: masalia ya jikoni humalizikia nyumbani, na mji uliwasaidia watu kununua vyombo vya kutengenezea mboji. Kwa hiyo kinachofika kituoni ni kikavu, na kitu kikavu kinaweza kusubiri. Capannori huko Italia, manispaa ya watu kama 46,000, nao hawakuvamia mji mzima kwa mpigo. Kati ya mwaka 2005 na 2010 walisambaza uzoaji wa nyumba kwa nyumba eneo kwa eneo, wakianzia vijiji vidogo ambako makosa yangeonekana mapema na kurekebishwa. Mwaka 2007 ukawa wa kwanza Ulaya kutangaza lengo la kutotupa taka. Nafuu iliyopatikana kwa kupunguza taka za kutupwa iliajiri watu na kupunguza ada. Wananchi waliiona ile nafuu kwenye ankara zao, na nadhani hiyo ndiyo hamasa pekee isiyopoa.

Kuhusu watu wanaozoa, nitasema bila kuzunguka. Mtu anayetia mkono kwenye mfuko wenye sindano, vioo na nepi, bila glavu, bila buti, kwa ujira unaochelewa miezi, hawezi kuwa mlinzi wa mpango wenu. Ataacha, na mtaanza kufundisha mwingine. Pamoja naye wapo waokota chupa na vyuma chakavu ambao manispaa nyingi huwafukuza kwa mgambo, ilhali ndio wanaorudisha kiwandani sehemu kubwa ya kinachorudishwa, tena bila kulipwa na baraza. Pune, India, walichagua kuwaingiza ndani: mwaka 2008 ulianza kazi ushirika uitwao SWaCH, wanachama wake ni waokota taka wenyewe, wengi wao wanawake. Kwa mkataba na manispaa hupita nyumba kwa nyumba, kaya huwalipa ada ya mwezi, na vitu vinavyouzika ni vyao. Pune ni jiji kubwa, najua. Lakini hesabu hii inaingia vizuri zaidi kwenye mji mdogo, ambako mzoaji na mwenye nyumba wanaitana majina. Anayejua kwamba chupa safi ni fedha yake hahitaji kusimamiwa ili aitenge.

Ada sasa. Wananchi wanasema hawalipi kwa sababu gari haliji, nyinyi mnasema gari haliji kwa sababu hawalipi. Mmoja lazima aanze, na mwenye mamlaka ndiye anayeanza. Toeni huduma ya uhakika kwenye kata moja, kwa fedha zilizotengwa, kisha ndipo mdai ada. Ada hiyo iingie kwenye akaunti yake, isichanganywe na kapu la jumla ambamo posho za vikao huogelea. Kila robo mwaka bandikeni kwenye ubao wa ofisi ya kata: tumekusanya kiasi hiki, dizeli imekula hiki, matengenezo hiki, akiba ya gari jipya hii. Msinukuu Korea Kusini, ambayo tangu mwaka 1995 inawatoza watu kwa kadiri wanavyotupa kwa kuwauzia mifuko maalumu. Ni mfumo mzuri, lakini katika mji ambao uzoaji wenyewe wa kubahatisha, kutoza kwa mfuko ni kuwaelekeza watu mtoni na kwenye mitaro usiku. Na maskini wasamehewe mapema kwa utaratibu unaoeleweka, wasiachwe wajisamehe kwa kuchoma taka uani. Plastiki ikiungua chini ya dirisha, hasa ile ya mabomba na nyaya, hutoa sumu za daioksini ambazo mtoto anazivuta bila ada.

Kuna jambo la siasa, na ninyi mnalijua kuliko mimi. Mipango ya taka huuawa na uchaguzi. Meya mpya hataki pipa lenye rangi ya aliyemtangulia. Kinga yake ni kuutoa mpango kwenye mfuko wa kiongozi na kuutia kwenye sheria ndogo, kwenye kasma ya matumizi ya kawaida na kwenye mikataba inayovuka muda wa baraza. Ufilipino ilifika mbali zaidi kwa Sheria Na. 9003, iliyotiwa saini Januari 2001, miezi michache baada ya lundo la taka la Payatas kuporomoka Julai 2000 na kuua watu zaidi ya 200. Sheria hiyo iligawa kazi waziwazi: taka zinazooza na zinazorejelezeka ni jukumu la ngazi ya mtaa, barangay, na zilizobaki ndizo za manispaa. Mgawanyo huo naupenda, kwa sababu unaweka uamuzi karibu na ndoo. Lakini sheria ile ile ilitaka madampo ya wazi yageuzwe kuwa madampo yanayodhibitiwa ndani ya miaka mitatu, na miaka mingi baadaye bado yalikuwepo mamia. Ngazi ya chini ilipewa kazi, na sehemu nyingi haikupewa fedha. Mkiwakabidhi wenyeviti wa mitaa jukumu, wakabidhini na fungu lake.

Dampo lenyewe sitalisemea sana, maana kila kinachozuiwa nyumbani ni kilo isiyofika huko. Ila msidhani maporomoko ni ya miji mikubwa pekee kwa sababu majina tunayoyasikia ni ya huko: Koshe, Addis Ababa, Machi 2017, walikufa watu zaidi ya 110; Kiteezi, Kampala, Agosti 2024, zaidi ya 30. Kinachoporomosha ni mwinuko, maji na gesi ndani ya taka zinazooza. Lundo dogo lililorundikwa vibaya ukingoni mwa bonde, chini yake kuna nyumba, linafuata kanuni zile zile. Tumeni mtu akaliangalie kabla ya mvua.

Kikao cha bajeti kikifika tutakuja kusikiliza, na tutakaa viti vya nyuma kama kawaida. Hatutauliza mmenunua nini. Tutauliza hivi: gari likiharibika Jumatano, taka za Alhamisi zinabebwa na nini, na fedha za kazi hiyo ziko kwenye kasma namba ngapi?

Wenu,
Mkazi mlipa ada